Mita 110 za Gehlaur: kijiji, kilima na hesabu ya watu

Kusini mwa jimbo la Bihar nchini India, katika wilaya ya Gaya, kuna safu ya vilima vya mawe magumu ambayo kwenye ramani inaonekana kama uzi. Upande mmoja wa uzi huo, kwenye eneo la Atri, kipo kijiji cha Gehlaur. Upande wa pili ni Wazirganj: soko, daktari, na kituo cha treni kwenye reli ya Gaya hadi Kiul. Aliyetaka kutoka Atri kwenda Wazirganj kwa chombo chochote chenye magurudumu alivizunguka vilima kwa kilomita 55. Siku hizi ni kilomita 15. Zile 40 ziliondolewa na mkato wa mita 110 uliochongwa kwenye jiwe kwa nyundo na patasi, na kibarua mmoja aliyeitwa Dashrath Manjhi, kuanzia 1960 hadi 1982.

Wengi wanaokijua kisa hiki wanakijua kama hadithi ya mapenzi. Mke wa Manjhi, Phalguni Devi, aliumia kilimani na hatimaye akafariki. Masimulizi yanayorudiwa zaidi yanataja mwaka 1959. Wapo wanaosema aliteleza akimpelekea mumewe chakula, wapo wanaosema kilichomuua hasa ni kuchelewa kufika kwa mganga. Mgane akauza mbuzi, akanunua nyundo. Mwaka 2015 ikatoka filamu, na mwaka uliofuata Posta ya India ikatoa stempu yenye sura yake. Sina ugomvi na mapenzi. Ila ukikisoma kisa namna hiyo, kilima kinakuwa adui, mtu mmoja anakuwa shujaa, na wengine wote waliokuwapo katika miaka hiyo 22, wenye ofisi, bajeti na baruti, wanateleza nje ya picha bila kuulizwa lolote. Mimi nataka nikifungue kama faili la barabara na idadi ya watu.

Tuanze na jiwe lenyewe. Vipimo vinavyotajwa ni urefu wa mita 110, upana wa mita 9.1, na kina kinachofikia mita 7.7 mahali penye jiwe kubwa zaidi. Zidisha vyote, hata kwa kujifanya kwamba kina kilikuwa kile kile tangu mwanzo hadi mwisho, unapata kama mita za ujazo 7,700. Kiasi halisi ni pungufu ya hapo. Gawanya kwa siku za miaka 22, ambazo ni zaidi kidogo ya 8,000: haifiki mita moja ya ujazo kwa siku. Kwa binadamu mmoja anayelima mashamba ya watu mchana na kupanda kilimani kwa saa zilizobaki, hiyo ni kazi ya kutisha. Kwa idara ya barabara ni safari elfu moja na ushei za tipa. Kikosi chenye mashine ya kutoboa miamba, baruti na matipa machache kingeimaliza ndani ya kiangazi kimoja, tuseme viwili kama mkandarasi ni mvivu.

Kwa hiyo swali la mtu mmoja aliwezaje, ambalo ndilo linalojaza makala, nadhani si swali gumu. Aliweza kwa sababu hakuacha. Gumu ni lile la kwa nini kazi ya kiangazi kimoja ilikaa miaka 22 mikononi mwa mtu mmoja.

Kilomita 55 za nani?

Takwimu ya 55 hadi 15 inanukuliwa kila mahali, na kabla ya kuitumia inafaa kuigeuza uone mgongo wake. Inapima umbali kati ya maeneo mawili ya utawala, Atri na Wazirganj. Na inapima umbali wa magurudumu. Mtu mzima mwenye afya hakuwa akitembea kilomita 55 kwenda sokoni. Alipanda kilima, akapenya kwenye njia nyembamba baina ya majabali, akashuka upande wa pili, jioni akarudi. Wanawake walipita hapo na vyungu vya maji kichwani. Phalguni mwenyewe aliumia katika safari ya aina hiyo.

Maana yake, kilima hakikuwafungia watu wote kwa kiasi kimoja. Kilimfungia mgonjwa, mama mwenye uchungu wa kujifungua, mzee, mwenye gunia la mpunga la kuuza, mtoto mdogo wa shule. Katika vijiji vya Bihar mgonjwa asiyejiweza hubebwa kwa kitanda cha kamba, watu wanne wakishika miguu yake, na kitanda cha kamba hakipiti kwenye mwanya wa kupenya mtu mmoja kwa ubavu. Mgonjwa huyo ndiye aliyekuwa na kilomita 55. Kijana wa miaka ishirini alikuwa na kilomita chache na jasho.

Wapangaji wa usafiri hupenda kupima barabara kwa wingi wa watu na vyombo vinavyopita kwa siku. Kwa kipimo hicho mwanya wa Gehlaur ulikuwa na wapitaji, basi njia ipo, tatizo liko wapi? Wasioweza kupita hawahesabiki barabarani, maana wako nyumbani wamelala.

Kuwa mbali katikati ya umati

Msomaji wa kwetu akisikia kijiji kisichofikika huwaza pori, nyumba tano hapa, nyingine tatu baada ya mwendo wa nusu saa. Bihar haiko hivyo. Katika sensa ya 2011 jimbo hilo lilikuwa na watu milioni 104 na msongamano wa watu 1,106 kwa kilomita moja ya mraba, wakati wastani wa India nzima ulikuwa 382. Karibu watu tisa kati ya kumi waliishi vijijini. Wilaya ya Gaya peke yake ilikuwa na watu wapatao milioni 4.4. Mji wa Gaya ni makutano makubwa kwenye reli ya Kolkata kwenda Delhi, na treni za masafa marefu hupita hapo usiku na mchana. Gehlaur ilikuwa mbali huku imezungukwa na umati.

Umbali wa namna hii unatengenezwa na mambo mawili, na jiwe ni moja tu kati yake. La pili ni nani anaishi wapi. Manjhi alizaliwa katika jamii ya Wamusahar, watu waliowekwa karibu na chini kabisa ya ngazi ya matabaka ya Kihindu. Jina lenyewe hufasiriwa kuwa ni walaji wa panya, kwa kuwa waliwachimbua panya wa mashambani na kujilia nafaka zilizofichwa mashimoni. Ardhi hawakuwa nayo. Katika Bihar ya kusini wengi wao walikuwa *kamia*, vibarua waliofungwa kwa tajiri mwenye shamba kwa deni ambalo baba aliweza kumrithisha mtoto. Sheria ya kufuta kazi za utumwa wa madeni ilipitishwa India mwaka 1976, wakati Manjhi ameshachonga kwa miaka 16.

Sasa, kijiji cha Bihar kwenye karatasi ni kitu kimoja, ila ukifika ni vipande. Kuna kijiji mama, na kuna *tola*, ambavyo mimi naviita vitongoji maana ndivyo vilivyo. Kitongoji cha Wamusahar kwa kawaida kimesukumwa pembeni: ng'ambo ya mfereji, bondeni, chini ya kilima. Barabara ikifika, hufika kijiji mama. Bomba, shule na ofisi ya posta vivyo hivyo. Karani akiandika "kijiji kina barabara" hajasema uongo, wala hajasema ni mita ngapi za tope kutoka mwisho wa lami hadi kwenye mlango wa mwisho.

Na kuna jambo la mpaka. Safu ile ya vilima ndiyo inayotenganisha Atri na Wazirganj, tarafa mbili zenye ofisi mbili. Aliyewahi kufuatilia daraja lililoko mpakani mwa halmashauri mbili anajua kinachotokea: kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Hilo ni dhana yangu kwa Gehlaur, lakini ningeshangaa sana kama halikuchangia.

Namba inayofungua barabara

Mpaka mwisho wa karne iliyopita, kijiji kupata barabara India kulitegemea mno nani anamjua nani. Tarehe 25 Desemba 2000 serikali ya waziri mkuu Atal Bihari Vajpayee ilizindua mpango wa barabara za vijijini uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, na jambo lake jipya lilikuwa kizingiti cha watu. Makazi yenye watu 1,000 na zaidi yangeanza, kisha yenye 500 na zaidi. Kwenye milima, jangwa na maeneo ya makabila kizingiti kilikuwa 250. Baadaye wilaya zilizosumbuliwa na waasi wa Kimao nazo zikashushiwa hadi 250, na Gaya ilikuwa miongoni mwao. Bunduki msituni ilipunguza idadi ya watu wanaotakiwa ili upate lami, jambo ambalo sera yoyote ingeona haya kuliandika wazi.

Mpango huo umejenga zaidi ya kilomita 700,000. Nausifu bila kusita. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa kitongoji anaweza kusimama na kusema: sisi tuko 540, barabara yetu iko wapi? Hesabu ilichukua nafasi ya kujuana.

Lakini hebu tuipeleke Gehlaur ya 1960 mbele ya kanuni hizi, kama mwombaji. Kanuni za mpango zinapima makazi, yaani kitongoji, na hilo ni zuri. Zinaruhusu kujumlisha watu wa vitongoji vilivyo ndani ya nusu kilomita. Pia zuri. Kisha inakuja kanuni ya tatu: makazi yanastahili njia moja tu ya kupitika mwaka mzima. Yakishaunganishwa upande wowote, yameunganishwa, faili linafungwa. Kijiji chenye barabara nzuri ya kuelekea Atri kingehesabiwa kimemaliza haki yake, hata kama daktari na treni viko upande wa pili wa jiwe. Mkato wa Manjhi, njia ya pili kuelekea kule ambako watu walihitaji hasa kufika, ungekataliwa na mpango bora kuliko yote ambao India imewahi kuwa nao kwa vijiji. Ungekataliwa kwa heshima, kwa barua yenye muhuri.

Daftari la sensa nalo lina yake. Kila sensa India hutoa orodha ya vijiji na huduma zake: shule, zahanati, basi, reli. Katika orodha ya 2011, kijiji kisicho na huduma fulani kiliwekewa herufi kuonyesha huduma ya karibu iko umbali gani: *a* kwa chini ya kilomita 5, *b* kwa 5 hadi 10, *c* kwa zaidi ya 10. Kilomita 11 ni *c*. Kilomita 55 ni *c*. Na herufi haisemi chochote juu ya kilichopo katikati.

Februari vitongojini

Hapa ndipo kisa kinaponishika zaidi, na sijaona kikielezwa hivi mara nyingi.

Wamusahar wengi wa Gaya hawaishi kijijini mwaka mzima. Baada ya sikukuu ya Chhath, kiasi cha Novemba, familia nzima hupokea malipo ya awali kutoka kwa wakala na kupanda treni kwenda kwenye tanuri za matofali, wengi katika jimbo jirani la Uttar Pradesh. Baba anakanda udongo, mama anapiga matofali, watoto wanayageuza juani. Ujira huhesabiwa kwa kila matofali elfu moja, baada ya kukatwa yale malipo ya awali. Wanarudi Juni, mvua inapokaribia kuzima tanuri. Ndio mwendo wao: miezi saba hivi nje, mitano nyumbani.

Sensa ya India je, inahesabu lini? Ile ya 2011 ilihesabu kuanzia tarehe 9 hadi 28 Februari, huku saa ya rejea ikiwa usiku wa kuamkia Machi 1. Kanuni ni kwamba mkazi anahesabiwa kwake ikiwa alikuwapo hata kwa sehemu ya siku hizo. Asiyekuwapo siku zote hizo anahesabiwa atakapokutwa. Februari ni katikati ya msimu wa matofali.

Chukua mfano wa kubuni. Kitongoji kina watu 530 mwezi wa Agosti, mvua inanyesha, tope hadi magotini, mama anashikwa na uchungu, barabara inahitajika kuliko wakati wowote. Februari familia 20 ziko tanurini, watu 90. Karani anapata 440. Kizingiti cha kawaida ni 500. Kitongoji kimeanguka mtihani kwa sababu ya umasikini ule ule ambao barabara ilitakiwa kuupunguza, na wale 90 wameongezwa kwenye hesabu ya mahali wasikokuwa na nyumba, wala kura, wala haja ya barabara. Ukizingatia kuwa kanuni ya 2000 ilitumia sensa ya 2001, na awamu ya nne ya mpango, iliyopitishwa Septemba 2024 kwa ajili ya makazi 25,000 yaliyobaki, inatumia sensa ya 2011, kosa la Februari moja linaweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Sensa ya 2021 haikufanyika kabisa. Iliahirishwa kwa korona, kisha ikaahirishwa tena na tena.

Bihar yenyewe ilichoka kusubiri ikahesabu watu wake kwa matabaka, na matokeo yakatolewa Oktoba 2, 2023: watu zaidi ya milioni 130, Wamusahar wakiwa asilimia 3.08, yaani wamezidi milioni 4. Namba hiyo ni kubwa kuliko nchi kadhaa. Imetawanyika vipande vipande kwenye vitongoji vya watu mia mbili, mia tatu, kila kimoja kikiwa chini ya kizingiti fulani. Serikali ya jimbo iliwahi kuanzisha mpango wake mwaka 2013 kwa makazi ya watu 250 hadi 499, na mtu anaweza kuona kirahisi ni akina nani walikuwa wakianguka kwenye pengo hilo.

Barabara inapofika

Mkato wa Manjhi ulikamilika 1982, lakini lami haikufika hapo hadi baada ya kifo chake. Mwaka 2006 alikwenda kwa waziri kiongozi wa jimbo, Nitish Kumar, ambaye aliinuka akampisha kwenye kiti chake mbele ya watu. Mwaka uliofuata, Agosti 17, 2007, Manjhi alifariki kwa saratani ya kibofu cha nyongo. Aliyekata kilima ili mganga awe karibu alifia kwenye hospitali kuu ya Delhi, kama kilomita 1,000 kutoka kwao kwa reli. Akazikwa kwa heshima za serikali.

Leo magari yanapita kwenye mwanya ule. Pikipiki, matrekta ya mpunga, na zile bajaji ambazo sisi tulizipa jina la kiwanda cha Pune kilichotuletea, wenyewe Bihar wakiziita *tempo*. Wageni wanaozuru Bodh Gaya na Rajgir hupitia hapo kupiga picha kwenye kumbukumbu ya marehemu.

Na kijiji kimetajirika? Wachumi Sam Asher na Paul Novosad waliutumia ujanja mzuri kulijibu swali hili kwa vijiji vya majimbo kadhaa ya India: walilinganisha vijiji vilivyokuwa juu kidogo ya kizingiti cha watu na vilivyokuwa chini kidogo, maana tofauti ya watu 490 na 510 ni bahati tu, lakini wa pili walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata barabara. Utafiti wao, uliochapishwa 2020, ulikuta kwamba miaka minne baada ya barabara, kilimo hakikubadilika kwa kiasi cha kutajwa, wala mali za nyumbani, wala mapato. Kilichobadilika wazi ni kazi: watu walitoka mashambani wakaenda kwenye vibarua nje ya kijiji. Barabara iliwatoa watu kuliko ilivyoleta biashara.

Wapo waliousoma utafiti huo kama kushindwa kwa barabara. Mimi nauweka kando ya kitanda cha kamba na naona vinapimana vibaya. Mapato ya kaya hayaonyeshi mama aliyefika Wazirganj kwa dakika arobaini badala ya siku nzima. Na kwa mtu ambaye babu yake alikuwa *kamia*, asiyeweza kuondoka kwenye shamba la tajiri bila ruhusa, kupanda basi asubuhi kwenda kubeba zege mjini Gaya na kurudi jioni si jambo dogo hata kama pesa ni ile ile. Manjhi mwenyewe kabla ya kuoa alitoroka kijijini akafanya kazi miaka kadhaa kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Dhanbad. Alijua njia ya kutoka ina thamani gani.

Hapo hapo, lami iliyomrahisishia kibarua wa siku inamrahisishia pia wakala wa matofali. Zamani alituma mtu kwa miguu. Sasa lori linasimama karibu na kitongoji usiku wa Novemba, familia zinapanda na vyungu vyao, na asubuhi wako kituoni.

Sensa ijayo imepangwa Februari 2027. Makarani watajaza majibu kwenye programu ya simu badala ya karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu 1931 kila mtu ataulizwa tabaka lake. Makarani watapita kwenye vitongoji vya Gaya wakikuta vikongwe, mbuzi, watoto walioachwa kwa bibi zao, na milango iliyofungwa kwa kufuli, huku moshi wa tanuri ukipanda kwenye mashamba ya Uttar Pradesh.